Vipele Nilivyovificha Miaka Miwili

Mwaka 2003, nikiwa kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Morogoro, nilianza kuoga saa tisa usiku. Wenzangu walidhani naamka kuswali tahajudi, wakaanza kuniheshimu kwa hilo. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu anione. Jioni moja nikijikausha nilikuwa nimeona, kwenye ukingo wa kichwa cha uume, mstari wa vipele vidogo vyeupe vimejipanga kama shanga za kiunoni. Havikuwasha, havikuuma, havikutoa usaha. Usiku ule nilivimulika kwa tochi chini ya blanketi, nikavihesabu hadi thelathini na kitu, nikazima tochi.

Sikuwa nimewahi kulala na mwanamke. Hata hivyo niliamini nina UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure nchini, na mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumemzika baba yangu mdogo, ambaye mimi ndiye niliyemfulia mashuka siku zake za mwisho. Nikayaunganisha mashuka yale na vipele hivi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mashuka hayaambukizi VVU, na mimi sikumuuliza mtu, maana kuuliza kungebidi kuanze na kusema vipele viko wapi.

Likizo ya Desemba nilirudi Tanga. Nilizunguka duka moja la dawa mara tatu nikisubiri wateja waishe, nikaingia, nikamwambia muuzaji nikiwa nimeinamia kaunta, "Kaka, nina vinyama huku chini." Hakuuliza zaidi, hakuniangalia. Akafungua droo, akanipa kichupa kidogo cha dawa ya rangi ya kahawia. "Paka hapo hapo penye vinyama, vitaanguka vyenyewe."

Leo najua kilikuwa podofilini, dawa ya masundosundo, yaani vinyama vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Ni utomvu wa mizizi ya mmea, unaoua chembe za ngozi zinapojigawa. Hupakwa na mhudumu wa afya, kidogo sana, juu ya kinyama chenyewe, ngozi ya pembeni ikiwa imekingwa kwa mafuta mazito, na mgonjwa huambiwa aioshe baada ya saa moja hadi nne. Mimi niliipaka pande zote nikalala nayo. Kulipokucha ngozi ilikuwa imechubuka na kuvimba kiasi kwamba kukojoa kulikuwa adhabu. Mama nilimwambia nimeumia mpirani. Kidonda kilichukua zaidi ya wiki mbili kupona, na kilipopona, shanga zangu zilikuwa pale pale, hata moja haikuwa imeanguka. Nilichukulia hilo kuwa uthibitisho kwamba ugonjwa wangu haushindwi na dawa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kilichonitoa ni mzee mmoja, tabibu mstaafu aliyekuwa akisaidia zahanati karibu na kwetu. Nilikwenda kwake kwa malaria. Alipomaliza kuniandikia dawa akaweka kalamu chini, akasema, "Na lile lingine, mwanangu?" Sijui alilionaje. Nilitetemeka, nikasema. Akanisogeza dirishani penye mwanga, akauliza vilianza lini, vimeongezeka au viko vile vile, vimewahi kutoa damu. Akaangalia. Haikufika dakika mbili. "Hii ni ngozi yako. Umebalehe, nayo imejitokeza. Nenda ukasome."

Siku hiyo nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikipita njia ndefu, nikilia bila kujificha. Mimi sasa ni afisa tabibu, katika kituo cha afya mkoani Tanga, na naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu anayeingia chumbani kwangu akiwa amebeba mzigo ule ule.

Vile vya kwangu kwa kitabibu vinaitwa kwa jina la lulu. Ni vinundu vya ngozi ya kawaida vyenye milimita moja hadi mbili hivi, vimepangana mstari mmoja au miwili kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, vyote karibu sawa kwa ukubwa. Huanza baada ya kubalehe na hufifia kadiri umri unavyosogea. Tafiti zilizofanywa nchi mbalimbali zimevikuta kwa mwanamume mmoja kati ya saba, na kwingine kwa karibu nusu ya wanaume waliochunguzwa. Haviambukizi, havigeuki saratani, havitokani na uchafu wala na kitu chochote ulichofanya. Mpangilio ndio unaovitambulisha. Ugonjwa haujipangi foleni.

Jamaa zake ni wengi. Vipo vidoa vidogo vya rangi ya maziwa au manjano hafifu kwenye shina la uume, kwenye mashavu ya uke, hata kwenye midomo ya kinywa. Hivyo ni tezi za mafuta zisizo na nywele juu yake. Ukivuta ngozi vinaonekana zaidi. Daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, aliviandika mwaka 1896, na vikabaki na jina lake. Jina hilo hilo linabebwa na aina nyingine, vidoa vyekundu vilivyokolea au vya zambarau kwenye korodani za wanaume wa makamo na wazee. Hivi ni vimishipa vya damu vilivyotanuka, na mtu akivikuna vinaweza kutoka damu nyingi kuliko ukubwa wake. Mwaka jana alinijia mzee wa miaka sabini na kitu. Baada ya shikamoo babu na marahaba, alikaa kimya kama dakika tano kabla hajasema kwamba ameona damu kwenye msuli na kwamba tangu hapo ameacha kulala chumba kimoja na bibi. Ilikuwa hiyo tu. Miezi minne alikuwa amelala barazani.

Wanawake wanaumia zaidi, na hili linaniuma mimi pia. Wana hali inayofanana kabisa na ile yangu, vijinyama laini, vya waridi, kwenye mlango wa uke upande wa ndani wa mashavu madogo, pande zote mbili kwa ulinganifu. Kila kimoja kina shina lake. Masundosundo hayako hivyo. Yenyewe huota ovyo, upande mmoja mengi mwingine machache, na mengi huungana kwenye shina moja kama koliflawa. Lakini mwanamke hajioni kwa urahisi, na anayemwona kwa mara ya kwanza mara nyingi ni mkunga akiwa na haraka, au mume asiyejua. Nimempokea binti aliyekuwa ameunguzwa kwa dawa mahali pengine mara tatu, kila mara akiambiwa vimerudi. Havikuwa vimerudi. Vilikuwa ni yeye, tangu alipopevuka.

Halafu kuna nywele. Kwetu Pwani kunyoa kinena ni sehemu ya usafi wa dini, siku arubaini hazipiti, na mimi sina neno na hilo. Tatizo ni wembe uliochakaa, unaovutwa kinyume na nywele zilikoelekea, juu ya ngozi kavu. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha inarudi ndani na kuchomea humo humo, na mwili unaipokea kama mwiba. Hapo hutokea kipele chenye kidoa cheusi katikati, wakati mwingine na usaha. Bakteria wakiingia, ni jipu. Wengi wanaokuja kwangu Jumatatu walinyoa Alhamisi. Wembe mpya, ngozi iliyolowa, kufuata mwelekeo wa nywele, au mkasi, au mashine isiyokata chini ya ngozi. Na kutokukamua. Majipu yanayorudi rudi kwenye mikunjo ya kinena na kwapani, yanayoacha makovu na vijishimo, ni ugonjwa mwingine wa ngozi unaohitaji matibabu marefu. Hauambukizwi, ingawa waliokuwa nao wanatengwa kana kwamba unaambukizwa.

Nimeanza na yasiyo na madhara kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa humo. Lakini ningekuwa nadanganya nikiishia hapo, maana nimeona pia watu waliojifariji wakati hawakustahili kujifariji.

Mvuvi mmoja wa upande wa Pangani alikuwa na kipele kigumu kwenye ngozi ya uume kilichopasuka na kuwa kidonda kimoja, safi, kisichouma kabisa. Wenzake walimwambia kisichouma si ugonjwa. Baada ya mwezi kikafunga chenyewe, akashukuru. Alikuja kwangu wiki kadhaa baadaye kwa sababu ya vipele bapa, vyenye unyevunyevu, karibu na njia ya haja kubwa, na madoa kwenye viganja na nyayo. Ilikuwa kaswende, hatua ya pili. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hutokea kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, ingawa inaweza kuwa siku tisa au miezi mitatu, na kwa kawaida hakiumi. Hupona bila dawa ndani ya wiki tatu hadi sita. Kidonda ndicho kinachopona, ugonjwa unaingia ndani. Vile vipele bapa mtu anaweza kuvidhania masundosundo akavichoma kwa dawa huku kaswende ikiendelea kimya kimya kuelekea kwenye moyo na ubongo. Kinachosikitisha ni kwamba tiba yake haina ugumu wowote. Kipimo ni tone la damu la kidoleni, na ikiwa ni mapema mno kipimo hurudiwa baada ya wiki chache. Tiba ni sindano ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, mara moja, kwa hatua hizo za mwanzo. Mke wake alikuwa mjamzito. Kaswende kwa mjamzito huweza kuua mtoto tumboni. Naye tulimchoma siku ile ile, na mtoto alizaliwa analia.

Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya kipele kwenye simu na kuniuliza "daktari, hiki ni cha kawaida?" sijibu ndiyo wala hapana. Picha haina mguso. Haioneshi kama kipele ni kigumu au laini, haioneshi mtoki, haioneshi viganja.

Yanayouma ni habari nyingine. Malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja kama kichane, yanayowaka moto, yanayopasuka na kuacha vidonda vidogo vidogo, mara nyingi ni virusi vya herpesi. Havitoki mwilini, ila dawa ya asikloviri ikianza mapema inafupisha mateso, na mashambulizi yanayofuata kwa kawaida huwa mepesi kuliko la kwanza. Yanayowasha, hasa usiku, na ambayo nyumba nzima inajikuna, ni upele. Kwa wanaume upele hupenda kuacha vinundu kwenye uume na korodani vinavyowasha wiki kadhaa hata baada ya wadudu kufa. Tiba ni kwa watu wote wa nyumba siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe. Nawaomba watu waache zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani yake. Zinapunguza mwasho siku mbili, mtu anaona amepona, na wadudu au fangasi wanastawi chini ya ngozi iliyotulizwa.

Kuna kipele kimoja kinachong'aa kama ushanga, kina kibonyeo katikati kama kitovu. Ni virusi vya familia moja na ndui, ingawa havina ukali wa ndui. Kwa watu wazima, kikiwa kinenani, mara nyingi kimepita njia ya kujamiiana. Kwa watoto hupita kwa ngozi kugusana na taulo kutumiwa na wengi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mama mmoja aliwahi kuniletea mtoto wa miaka minne akiwa na vipele hivyo pajani na kinenani, na kaka yake mama alikuwa tayari amepigwa na majirani. Kipele hiki peke yake kwa mtoto hakithibitishi kwamba amechezewa. Mtoto anachunguzwa kwa utulivu, anasikilizwa, na kama kuna dalili nyingine sheria ipo. Vipele vyenyewe huisha, mara nyingi ndani ya mwaka, wakati mwingine miwili. Vikiwa vikubwa na vingi kwa mtu mzima, hasa usoni, tunapima VVU.

Na tangu 2024 nimeongeza swali moja, kuhusu safari. Aina mpya ya virusi vya mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, ilianza kuonekana Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2023, ikisambaa kwa sehemu kubwa kwa kujamiiana. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Kenya ilikuwa imepata mgonjwa wake wa kwanza Julai mwaka huo, mpakani Taveta, na Tanzania ikathibitisha wagonjwa wake Machi 2025. Vipele vyake huanza mara nyingi sehemu za siri, vigumu, vinauma, vimejaa, na homa na mtoki pamoja navyo. Dereva wa lori mwenye vipele vya namna hiyo na homa asisubiri kufika nyumbani.

Nimeyaacha masundosundo mwisho kwa sababu ndiyo yanayovunja nyumba.

Alikuja mwanamke mjamzito wa miezi mitano. Mama mkwe alikuwa ameshamfungia nguo zake kwenye shangazi kaja. Masundosundo yalikuwa yameota ndani ya wiki chache, na mume, ambaye ni mtu mpole, alikuwa amekula kiapo kwamba yeye hajatoka nje ya ndoa. Basi mkosaji akabaki mmoja. Nilimwomba mume aingie. Alikaa, akauliza swali moja tu. "Daktari, nani kaanza?"

Nilimjibu kwamba sijui, na hakuna kipimo kitakachomwambia. Masundosundo husababishwa na virusi vya HPV, na tisa kati ya kila kesi kumi ni aina mbili, namba 6 na 11. Mtu akiambukizwa, vinyama vinaweza kutokea baada ya miezi miwili au mitatu. Vinaweza pia kukaa kimya miaka. Wengi hawaoti kinyama hata kimoja maisha yao yote, na bado wanaambukiza. Mwenye vinyama si lazima ndiye aliyeleta. Huenda mume alivibeba kabla hawajaoana, huenda mke, huenda wote wawili. Ujauzito hubadilisha kinga ya mwili, na virusi vilivyokuwa vimelala huamka. Ndiyo maana vimeonekana sasa. Kondomu inapunguza hatari lakini haifuniki ngozi yote.

Yule kijana aliangalia sakafu muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo hata mimi." Nikasema, "Hata wewe." Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Hatukutumia podofilini, kwa mjamzito hairuhusiwi. Kuna njia za kugandisha kwa baridi kali au kupaka asidi maalumu hospitalini, na kuna kusubiri, kwa sababu baada ya kujifungua mengi husinyaa yenyewe. Alijifungua kwa njia ya kawaida. Wengi wanadhani masundosundo ni hukumu ya upasuaji au ya saratani. Upasuaji hufikiriwa pale tu yanapoziba njia. Na aina zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi ni nyingine, 16 na 18 kwa takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Lakini mtu anaweza kubeba aina zaidi ya moja, kwa hiyo kila mwanamke mwenye masundosundo namshauri apime mlango wa kizazi.

Na binti zetu wapate chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja, ikawachanja wa miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza Oktoba 2019 na wa miaka 10. Zipo chanjo zinazokinga 16 na 18, na zipo zinazoongeza 6 na 11. Nilipokwenda kuchanja shuleni mzazi mmoja aliniambia chanjo itamfundisha mwanawe uhuni. Nilimweleza kuhusu wanawake wa miaka arubaini ambao nimewaandikia rufaa wakiwa wamechelewa, na harufu ya chumba wanapovua kanga. Alisikiliza. Sijui kama alimleta.

Ninachoogopa kuliko kipele chochote ni kile ambacho watu wanajipaka kabla ya kuja. Nimeona maji ya betri. Nimeona utomvu wa mnyaa, jiki, kinyama kilichofungwa uzi wa kushonea hadi kikaoza. Mtu akishajiunguza, mimi naona kidonda tu, na kilichokuwepo awali hakionekani tena. Kwa hiyo ukiona kitu, usikinyoe, usikikamue, usikipake. Kumbuka siku ulipokiona. Kama kinatoka damu, kama kinakua haraka, kama ni kidonda kisichofunga, kama una homa au mtoki, au una mimba, njoo siku hiyo hiyo. Kidonda au kinundu kigumu ambacho hakijapona kwa wiki kadhaa kwa mtu mzima tunakikata kipande kukipima, maana saratani ya ngozi ya huko ipo, ingawa si ya kawaida. Kama una mwenza, njoo naye.

Kuna jambo dogo ambalo limewazuia watu wengi kuliko ukosefu wa nauli. Dirisha la mapokezi liko mbele ya benchi la wagonjwa, na karani anauliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" Huna haja ya kutaja mahali. Sema, "Nina tatizo la ngozi." Ataandika ngozi. Mengine utayasema ndani, mlango ukishafungwa.